Kamati ya Bajeti kwenye Kochi la Watu

Fundi alikuwa na ugonjwa ambao hakuna hospitali inayoutibu: hakuweza kuvumilia mgeni amkute na upungufu. Mtu akipiga hodi na sukari imekwisha, yeye alikuwa tayari ameshachomoka mlango wa nyuma kwenda kuazima kabla hajaitikia karibu. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye ulimi mwepesi na mgongo ulionyooka, na wazazi wenzake wa kituoni walikuwa wamemchagua mwenyekiti wao kwa kura zote. Walikuwa wanamwogopa, lakini kura ni kura.

Kituo chenyewe kilikuwa ghala la zamani la magunia. Vijana wenye ulemavu wa akili walishinda humo kutwa, wakijifunza kufunga vifungo, kupika uji, kuvuka barabara na, kwa wale walioweza, kuongea. Wafadhili waliokuwa wakikiendesha walikuwa wameaga kwa maneno matamu na kwenda zao. Mwalimu, mama wa makamo aliyeongea polepole hata nyumba ikiungua, aliwaambia wazazi wazi kwamba serikali isipokitia kituo kwenye bajeti, mwisho wa muhula atafunga mlango. Baada ya kuandika barua hadi mikono kufa ganzi, na kusimama kwenye korido za ofisi hadi walinzi wakaanza kuwasalimia kama ndugu, walipewa jibu: Kamati ya Bajeti itakuja kujionea kwa macho yake.

Kwa Fundi, kufungwa kwa kituo hakukuwa habari ya kuzungumzia mikutanoni tu. Mwanawe wa pekee, kijana mwenye ndevu zake, alishinda pale kila siku. Mtaa mzima ulimwita Bosi, kwa jinsi alivyotembea na mikono nyuma akikagua dunia. Zamani Bosi alichukua chochote alichokipenda, cha nani hakujali, na mama yake alikuwa amechoka kuitwa mama wa mwizi. Mwalimu alimfundisha maneno mawili, cha kwetu na cha watu. Ilichukua muda mrefu na uvumilivu ambao Fundi mwenyewe hakuwa nao. Hatimaye Bosi akaelewa, na shida mpya ikawa kwamba alielewa mno. Kitu cha watu hakikulala kwao tena. Hata sahani ya jirani iliyokuja na chakula, aliipokonya mlaji akiwa bado analamba vidole.

Wiki ile paa lilipobomoka upande na kituo kikafungwa kwa muda, Bosi alishinda dukani kwa mama yake. Duka la fundi limejaa nini kama si vitu vya watu? Fundi alikwenda sokoni mara moja kununua nyuzi, na aliporudi Bosi alikuwa amesharudisha kila nguo kwa mwenyewe. Bibi harusi alipokea gauni lenye mkono mmoja na pini kiunoni. Mkuu wa shule alipokea suruali ya mguu mmoja, tena mbele ya wanafunzi. Wateja walikuja wamevimba, na wengine hawajarudi hadi leo. Ndiyo maana Fundi alijua kinachomngoja. Kituo kikifungwa, atafunga duka wakae njaa, au atamfungia mwanawe chumbani na kwenda kazini, kama wengine mtaani walivyowafanyia wa kwao. Wazo hilo lilimkausha mate kila lilipomjia.

Sasa mtu mwenye hofu hiyo, ungedhani angewaonyesha wageni shida yote, hadi panya. Mwalimu alishauri hivyo hasa: pazia lisitundikwe, tundu la paa lisizibwe, Kamati ikae kwenye lile benchi moja la kituo. Fundi aliruka. Alitaka kuambiwa Mheshimiwa mzima atakaaje kwenye benchi linalochomoza misumari, na akisimulia huko mbele kwamba wazazi wa hapa hawana hata adabu, nani atampa pesa mtu asiye na adabu? Baba Pacha, kinyozi mwenye mapacha wawili pale kituoni, aliunga mkono hoja kabla haijaisha. Wengine walifuata, maana kila mmoja alikuwa na aibu yake aliyotamani kuifunika.

Wakaanza kuazima. Kwa mama mwenye nyumba wa Fundi lilitoka kochi la kijani, ambalo hata wajukuu wake hawaruhusiwi kulikalia. Dada wa duka la dawa alitoa mapazia. Baba Pacha alileta vioo vyake vya kinyozi na kile kiti chake cha kunyolea, chenye magurudumu na kinachozunguka. Lilipatikana zulia, na saa ya ukutani isiyotembea lakini yenye sura nzuri. Tundu la paa walilifunika kwa kitambaa cheupe, Fundi akakishona kikakaa kama dari la hoteli. Yote yalifanyika jioni, Bosi akiwa ametumwa kwa shangazi yake, kwa sababu ambazo kila mtu alizijua na hakuna aliyezitamka.

Asubuhi Fundi alimvika mwanawe suti mpya, akamwambia leo hakuna kugusa kitu. Bosi aliingia kituoni na mikono yake nyuma, akaliona kochi, akasimama. Alilitazama kwa namna ambayo ingemtia mama yake wasiwasi, kama asingekuwa anapiga pasi kitambaa cha meza cha watu.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, mbunge wa jimbo lao, alikuwa mama mfupi, mchangamfu, aliyechoka. Alizama kwenye kochi la kijani akashusha pumzi. Katibu wake, kijana wa tai, alipewa kiti cha kinyozi, akazunguka kidogo kisha akajifanya hakuzunguka. Mwalimu alieleza mahitaji kwa upole wake, lakini nani anasikiliza habari za paa akiwa amekaa kwenye kochi lile? Mheshimiwa alisifu mapazia. Alisifu dari. Alisema amechoka kuzungushwa kwenye vituo vinavyonuka shida, na kumbe wapo wazazi wanaojituma bila kulialia.

"Andika kinajitegemea," alimwambia Katibu. "Lile fungu tulipeleke kwa wenye shida zaidi."

Fundi alikuwa bado anatabasamu sentensi ilipoisha. Alielewa kwamba amekifunga kituo kwa mikono yake, na kwamba kilichobaki ni kusema ukweli sasa hivi, mbele ya watu. Alifungua kinywa. Kilichotoka ni, "Karibuni chai." Alijichukia kwa chai hiyo kuliko alivyowahi kuchukia kitu chochote.

Ndipo Bosi, aliyekuwa amevumilia kuliko siku zote za maisha yake, alipokwenda dirishani. Akashusha pazia la kwanza na la pili, akayakunja vizuri, kona kwa kona, akatoka nayo. Mheshimiwa alidhani ni sehemu ya maonyesho, akapiga makofi. Bosi alirudi akabeba vioo. Aliporudi tena alishika mgongo wa kiti cha kinyozi. Katibu alikuwa anaandika, hakuinuka, basi akasukumwa na kiti chake hadi mlangoni, kalamu ikichora mstari mrefu kwenye karatasi. Hapo aliona afadhali ashuke.

"Anatania tu huyu," Fundi alisema, akicheka peke yake. Bosi hakuwahi kutania maishani mwake.

Alisimama mbele ya kochi, akamwinamia Mheshimiwa.

"La mama mwenye nyumba," alisema.

Mheshimiwa alitazama chini, akamtazama Fundi, akainuka taratibu. Vijana wengine walisogea kumsaidia mwenzao, wakakunja magoti kabla ya kunyanyua, kama Mwalimu alivyowafundisha, na kochi likatoka bila kugusa mlango. Zulia likafuata. Saa nayo ikaenda. Mmoja mrefu, asiyetaka kuachwa nyuma, alivuta kile kitambaa cha darini, na anga likaonekana. Kilichobaki ghalani ni benchi, mikeka, na watu wazima waliokuwa wanatafuta pa kuweka macho. Baba Pacha alikuwa anakagua kucha zake.

"Mama," Mheshimiwa alimwambia Fundi, "kuna chochote humu ambacho ni chenu?"

Fundi alitamani sakafu ipasuke. Haikupasuka, basi akasema.

"Tumekudanganya, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyewaongoza wenzangu, nilikuwa naona aibu. Paa hilo hapo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo haji tena, na Mwalimu anafundisha kwa huruma yake tu. Lakini huyo aliyekutoa kwenye kochi ni mwanangu. Zamani alikuwa hajui cha watu ni nini, mtaa mzima ulituita wezi. Hapa ndipo alipojifunza, na wewe umeona mwenyewe kama amejifunza au hakujifunza. Mkifunga, nitafunga duka langu au nitamfungia yeye ndani. Sitaki kumfungia mwanangu."

Sauti ilikatika mwishoni, na hakujali. Nje dereva alipiga honi, Mheshimiwa akatazama saa yake, akasema wameyasikia, wana kituo kingine cha kutembelea, na suala hilo litafanyiwa kazi. Wazazi wote walilijua neno hilo. Walikuwa wamelisikia kwenye kila korido, na hakuna aliyewahi kuiona kazi yenyewe.

Alipofika mlangoni alikutana na Bosi akirudi, jasho linamtoka, suti imechafuka. Bosi alimziba njia. Alimkagua kuanzia viatu hadi kilemba, mikono nyuma, kama alivyolikagua kochi. Kisha akamgeukia mama yake.

"Wa nani?" aliuliza.

Katibu alikohoa. Mwalimu alifumba macho. Fundi alijua kabisa jibu la adabu ni lipi: akisema wa serikali, Bosi atamshika Mheshimiwa mkono, atamrudisha kwenye gari lake, atafunga na mlango, na mambo yataishia hapo.

"Wetu," alisema. "Huyu ni wetu, Bosi. Tulimchagua wenyewe."

Bosi aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Alimshika Mheshimiwa kiwiko, kwa ustaarabu wote aliofundishwa wa kuvusha wazee barabara, akamgeuza, akampeleka hadi kwenye benchi. Akalipangusa kwa mkono wa suti mpya, akamkalisha.

"Wetu anabaki," alisema, akaenda kusimama mlangoni.

Katibu aliingilia kati, akasema haiwezekani, ratiba hairuhusu. Mheshimiwa alimwinulia mkono anyamaze. Alijisogeza kidogo pembeni kukwepa msumari, akautazama, akatazama tundu la paa, akamtazama kijana aliyesimama mlangoni na ndevu zake. Mabega yalianza kumtetemeka, na kwa muda hakuna aliyejua kama anacheka au analia. Pengine na yeye hakujua.

Honi ililia tena. Hakuna aliyeinuka.

"Futa kinajitegemea," alimwambia Katibu. "Haya Mwalimu, anza upya, na msinifiche kitu. Anza na paa."

Katibu alitafuta pa kukaa, akakosa. Akaandika amesimama.