Mlango Uliopika Maharage

Nyundo iligonga bawaba ya juu, na vumbi la chokaa likamwingia mshonaji machoni. Alikuwa ameukaza mlango wa chuma kwa mgongo, na kila pigo lilimpanda uti mpaka menoni. Binti yake alijikunyata chini ya meza ya cherehani, ameziba masikio.

“Toka hapo, mama,” ofisa wa majengo ya kale alisema kwa nje. “Hatutaki kukuumiza.”

“Basi msiniumize. Nendeni zenu.”

Parokia ile ya kisiwani ilikuwa ndogo: kanisa, na nyumba kongwe za mawe zimelizunguka, zote zikilindwa na sheria. Huruhusiwi kubadili mlango, kutoboa dirisha wala kupigilia msumari bila kibali. Wageni walivuka kwa boti kuja kuzipiga picha. Sheria haikusema chochote juu ya waliokaa ndani.

Mume wa mshonaji alipozikwa, mdogo wa marehemu alidai nyumba ni ya ukoo, mjane afunge virago. Mjane akagoma. Kikulacho ki nguoni mwako: asubuhi moja shemeji akaja na shoka, akaupasua mlango wa kale vipande vipande, akamchanja mjane mkono, akamburura binti kwa nywele hadi barabarani. Majirani ndio waliomwondoa. Kituoni, damu ikichuruzika kwenye kaunta, polisi walimwambia mjane hayo ni mambo ya familia, akayamalize nyumbani. Nyumbani kwenyewe hakukuwa na mlango.

Ndipo akauza cherehani yake nzuri, akabaki na ile mbovu, akamwita mchomeleaji amtengenezee mlango wa chuma wenye makomeo mawili. Shemeji alirudi, akaupiga mateke mpaka akaondoka akichechemea. Mama na mtoto wakaanza tena kulala. Vile vipande vya mlango wa zamani mshonaji alivitia jikoni, akapikia maharage. Mbao ngumu kama zile, moto wake si mchezo. Angejua yatakayomkuta, asingeyala kwa raha vile.

“Mlango wa asili uko wapi?” ofisa aliuliza sasa.

“Tumeupikia.”

Mtu wa nyundo alicheka, akajifanya anakohoa.

“Mlango wa miaka mia mbili, mama? Umechoma urithi wa taifa?”

Mshonaji aligeuka, akaweka jicho kwenye kitundu cha kuchungulia. “Ulishapasuliwa kwa shoka. Aliyeupasua huyo hapo nyuma yako, mwenye shati la kijani. Muulize yeye.”

Shemeji alikuwa amesimama kati ya watazamaji, mikono kifuani. Ofisa hakugeuka.

“Hayo ni ya polisi. Mimi nashughulika na jengo.”

Nyundo ikaendelea. Bawaba haikutaka, na mtu wa nyundo akaanza kuhema. Shemeji akasogea, mpole kama mtu aliyekuja kuhani msiba.

“Mnamchosha bure ndugu yangu huyu. Hebu nipe.”

Akapewa. Aliujua mlango ule kuliko aliyeuchomelea, maana aliupiga mateke kila mahali. Hakuhangaika na bawaba, alipiga fremu pale ilipoungana na ukuta. Mlango ukaanguka kwa ndani, mshonaji akiwa chini yake, na shemeji akaukanyaga kwa miguu yote miwili akiingia. Mfupa wa mguu wa mshonaji ulilia, hata waliokuwa barabarani walisikia.

“Baba mdogo, unamuua,” binti alisema.

“Nasaidia serikali, mwanangu.”

Walipouinua mlango, mshonaji aliibuka na mkasi wake wa kukatia vitambaa, akauchoma kwenye paja la shemeji mpaka ukagonga mfupa. Askari wawili waliokuja na ofisa wakamshukia na virungu. Walimpiga mabegani, walimpiga mbavu, walimpiga ule mkono wenye kovu mpaka ukaning’inia. Binti alimng’ata mmoja shingoni, akatupwa juu ya cherehani. Hasira ilimjaa mshonaji kuliko maumivu, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mkasi aliuchoma chini mno.

“Basi, inatosha,” ofisa alisema. “Mnaipaka damu sakafu.”

Mlango wa chuma ukapakiwa kwenye mkokoteni. Seremala angechonga wa mbao unaofanana na ule wa kale, kibali kikitoka. Hadi hapo uwazi ubaki kama ulivyo, usiwekwe bati, usiwekwe hata pazia. Ofisa akafunga utepe wa plastiki kukatiza uwazi ule, akatazama huku na huku.

“Nani atapalinda hapa?”

“Mimi,” shemeji alisema, paja limefungwa kwa kitambaa cha mteja. “Hii ni nyumba ya kaka yangu.”

“Vizuri. Mtu wa familia ana uchungu na mali.”

Mshonaji alikuwa amejikokota hadi chumba cha ndani, kisicho na mlango. Kwa mkono mmoja na mgongo wa binti yake, alikuwa akisukuma kabati la nguo kuziba njia. Kabati lilikwaruza ukuta.

“Taratibu na hilo kabati, mama,” ofisa alimwita kutoka nje. “Plasta hiyo ni ya asili.” Kisha akamgeukia shemeji. “Hebu ingia umsaidie.”

Shemeji akainama, akapita chini ya utepe. Akalikamata kabati kwa mikono miwili, akalivuta kando polepole, kwa uangalifu mkubwa, lisiguse ukuta.