Kikohozi cha Sanduku Namba Saba

Siku Daktari wa Mapafu alipovuka barabara kumtafuta Mama Ndege, Mama Ndege alidhani amekuja kudai viti. Idara zao mbili zilikuwa zinagombea viti vya plastiki tangu mahafali, na yeyote aliyetoka ng'ambo ya pili alipokelewa kwa jicho la "umefuata nini". Kumbe mgeni hakutaka kiti. Hata alipokaribishwa hakukaa.

"Wewe ndiye mwenye zile sauti za ndege?"

"Ndiye mimi. Zimekukosea nini?"

Jibu lilikuwa na pilipili, na pilipili ile ilikuwa na shamba lake. Mama Ndege alikuwa amesomea ndege mpaka wanafunzi wakasahau jina alilopewa na wazazi. Alikuwa ametundika masanduku kumi na mawili ya kunasa sauti kwenye nyua za nyumba za wafanyakazi wa chuo. Kila alfajiri sanduku hujiwasha lenyewe kwa dakika arobaini, likanasa ndege wanavyoamka, kisha likajizima. Miezi minane. Halafu chuo kikatoa agizo kwamba kila mtafiti aiweke data yake wazi kwenye hazina ya chuo, watu wa fani zote wachote bila kubisha hodi. Mama Ndege alinung'unika wiki nzima. Alime yeye, wavune nyani! Mwishowe akaweka, akawa anaongeza mpya kila siku, na mwenzake wa ofisi akamcheka: "Nani huyo atakayepakua kuku wako?"

Basi, aliyepakua ndiye huyu.

"Mimi natengeneza programu ya kuhesabu vikohozi," Daktari alieleza, akiifungua kompyuta yake juu ya rundo la karatasi za mtihani. "Mgonjwa yuko nyumbani, simu inahesabu amekohoa mara ngapi. Shida ni kwamba programu yangu ni kama mbwa mwoga, inabwekea kila kitu. Mlango ukigongwa, inasema kikohozi. Nikatafuta sauti za nje zisizo na mtu anayekohoa, niifundishe kunyamaza. Nikaona zako. Nikasema, ndege hawakohoi."

"Hawakohoi," Mama Ndege alikubali, akicheka kidogo.

"Sasa sikiliza sanduku namba saba."

Akamvalisha hedifoni. Mama Ndege alimsikia tetere kwanza, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani sokoni. Nyuma ya tetere kulikuwa na kikohozi. Kikavu, kifupi, mara mbili.

"Hicho cha mwezi wa tatu. Hiki cha mwezi wa sita. Na hiki cha juzi."

Cha juzi kilikuwa kirefu. Kilikuwa na maji ndani, na mwisho wake mtu alivuta pumzi kwa shida, kama anayepandisha ndoo kutoka kisima kirefu. Tabasamu la Mama Ndege likabaki usoni bila mwenyewe.

"Ni mtu mmoja," Daktari alisema. "Alfajiri mia mbili na kumi na mbili. Mwanzoni alikohoa mara nne, sasa anapita hamsini. Siwezi kusema ni ugonjwa gani kwa kusikia tu. Lakini mtu huyu anatakiwa hospitali, na si kesho kutwa. Umeficha mahali masanduku yalipo, kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo nakuuliza: sanduku namba saba liko kwa nani?"

Mama Ndege aliivua hedifoni. Sanduku namba saba alilitundika kwa mikono yake, nyuma ya nyumba yake, kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo.

Akafungua jedwali lake. Tarehe, saa, aina ya ndege, na safu ya mwisho ya mengineyo. Sheria ilimtaka afute maneno yote ya watu, na alikuwa ameyafuta, mpaka salamu. Lakini kikohozi si neno. Tena hakuwa anasikiliza, alikuwa anatazama. Kompyuta huichora sauti: ndege hukaa juu kwa kuwa sauti zao ni nyembamba, na ndoo, lango na gari hutulia chini kama matope. Matope hayo aliyatia alama kwa kidole kimoja huku akinywa chai. Kelele. Kelele. Kelele. Mistari mia mbili na kumi na miwili, na kila mmoja una jina lake kuwa ndiye aliyehakiki.

"Nipe saa moja," alisema.

Njiani moyo wake ulitafuta mahali pa kujificha, ukampata mlinzi. Mlinzi wa nyumba za wafanyakazi, waliyemwita Kamanda, ndiye aliyezunguka nyua alfajiri. Ni yeye tu. Atakuwa nani tena? Akamkuta langoni anashona soli ya kiatu.

"Kamanda, unakohoa tangu lini?"

"Mimi?" Kamanda alicheka. "Mara ya mwisho kukohoa nilikuwa bado nina nywele."

"Usinifiche. Kuna mtu anakohoa nyuma ya nyumba yangu kila alfajiri. Anayepita huko saa hizo ni wewe."

Kicheko kikamkauka. Aliweka kiatu chini, akavua kofia, akaikunja kama kitambaa.

"Mama, mimi niliapishwa."

"Uliapishwa na nani?"

"Kwani mle ndani kuna watu wangapi?" Kamanda alitazama chini. "Bibi hutoka nje kukohoa. Tangu mvua za mwanzo. Hujifunga kitambaa mdomoni, hushika ile nguzo ya nguo. Akimaliza huniambia, Kamanda, hukuona mtu. Namwambia, sikuona mtu, Bibi. Ananipa mkate."

Mama Ndege alishika lango. Ndani mle walikuwa watatu tu, maana mumewe alifanya kazi mbali na kurudi mwisho wa mwezi: yeye mwenyewe, mama yake mzazi ambaye kila mtu alimwita Bibi, na bintiye wa miaka minne, Kifaranga. Na Kifaranga alilala kitanda kimoja na Bibi tangu alipoachishwa ziwa.

Bibi alikuwa jikoni, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Mbona saa hizi? Chuo kimeungua?"

"Mama, unakohoa."

"Kila mwenye koo hukohoa."

"Kila alfajiri. Umeshika nguzo ya nguo."

Mkono wa Bibi ukasimama juu ya mchele. "Kamanda! Mkate wangu wote ule!"

"Si Kamanda. Ni sanduku la ndege."

"Kitendawili!" alisema Bibi haraka, kama mtu anayefunga dirisha akiona mvua.

"Mama, leo hapana."

"Mtu akitega, unasema tega."

"Mama!"

Bibi akauweka ungo sakafuni, mchele ukamwagika. Alikuwa mtu wa maneno, lakini sasa aliyatafuta. "Lile sanduku lina masikio ya watu? Wewe si uliniambia ni la ndege?"

"Ni la ndege. Ila linanasa kila kitu."

"Nani amenisikia?"

"Daktari mmoja wa chuo. Na…" Mama Ndege alitazama mchele. "Data iko wazi, mama. Yeyote anaweza kuichukua."

"Wamechukua wangapi?"

"Mia tatu na arobaini na mmoja. Wengine wako nchi za mbali."

Bibi alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Macho yakamtoka. "Mimi najificha mjukuu asinisikie, kumbe naikoholea dunia nzima! Wameandikiwa kwamba ni mimi?"

"Hapana. Hakuna jina."

"Sasa pameandikwa nini?"

Angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa pale pale, umeiva, kazi ni kuuchuma.

"Kelele," alisema.

Bibi alimgeukia. Hakupandisha sauti. "Nimekubeba mpaka mgongo wangu ukachukua umbo lako. Nimekohoa siku mia mbili, ukaniandika kelele."

Mama Ndege alipiga magoti kwenye mchele uliomwagika. Hakuomba msamaha, aliona neno hilo ni dogo, kama kuziba paa kwa jani. Aliuliza tu, "Kwa nini hukuniambia?"

"Mama yangu alikohoa hivi hivi," Bibi alisema. "Wakamjengea kibanda nyuma ya nyumba. Sahani yake, kikombe chake, kijiko chake. Mimi nikimsalimia nasimama kwenye ua. Hatua ishirini, nilizihesabu. Alikufa mimi nikiwa hatua ishirini. Sikutaka hatua ishirini na Kifaranga."

"Kwa hiyo ukalala naye kitanda kimoja."

Neno lilishatoka. Bibi aligutuka kama aliyemwagiwa maji.

"Nilikuwa namgeuzia mgongo," alisema. "Nakwenda kukohoa nje. Nilidhani… kikohozi ukikipeleka nje, kinabaki nje." Akamwangalia binti yake, na binti hakuweza kulirudisha jicho lile. "Hakibaki?"

"Hakibaki, mama."

Bibi aliinuka bila kushikwa mkono. "Viatu vyangu viko wapi? Mchukue mtoto shuleni. Usimbusu. Mimi pia simgusi. Twende."

Hospitali ya chuo ilikuwa upande ule ule wa barabara aliotokea Daktari. Bibi alipewa barakoa na kikopo cha kutemea makohozi, akapigwa picha ya kifua. Kifaranga naye akapigwa, akalia, kisha akauliza kama picha atapewa aende nayo nyumbani. Majibu yangetoka alasiri. Wakakaa barazani, Bibi kwenye benchi la mwisho karibu na upepo, wao benchi la kwanza. Mama Ndege alijikuta anahesabu hatua kati ya benchi na benchi. Akajilazimisha kuacha.

Daktari wa Mapafu alipopita, Mama Ndege alikuwa na simu mkononi, kidole kiko juu ya faili namba saba.

"Nalifuta," alisema.

"Sauti ni yake," Daktari alijibu. "Mwulize mwenyewe."

Bibi alisikia. "Liondoe," alisema kupitia barakoa. "Mtu haombwi sauti yake akiwa amefungwa mdomo. Nikipona mje mniombe, nitafikiri."

"Tutaliondoa, Bibi. Ila zilizokwisha kuchukuliwa hazirudi."

"Ndiyo hivyo? Kitendawili!"

"Tega," alisema Daktari, hajui anaingia wapi.

"Hana miguu, kafika ng'ambo. Hana mdomo, kaniumbua."

Daktari alikuna kidevu. "Simu?"

"Nipe mji."

"Chukua huu."

"Huu una vumbi, sitaki. Ni sauti yangu, Daktari. Kusoma kote huko!" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile hakikuwa ndani ya hedifoni. Kilikuwa pale, kinamkunja mwili kama nguo inayokamuliwa. Mama Ndege alisikia kila kimoja. Alihesabu kumi na tisa.

Saa kumi wakaitwa. Daktari alikuwa na karatasi mbili. Alianza na ya mtoto, kwa kuwa aliona macho yao wote wawili yako huko.

"Mtoto hana ugonjwa. Atakunywa dawa ya kinga. Bibi, wewe ni kifua kikuu. Dawa zipo, ni miezi sita, na kinapona."

Bibi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. Kisha akauliza, "Kibanda mtanijengea wapi?"

"Kibanda gani?"

"Cha mimi kukaa."

Daktari alimtazama Mama Ndege, haelewi.

"Utalala chumbani kwako," Daktari alisema polepole. "Peke yako, dirisha wazi, mpaka dawa ishike na tukupime tena. Ni wiki chache. Kisha utamkumbatia mjukuu mpaka akukimbie."

Bega moja la Bibi lilitetemeka, moja tu.

Muuguzi akaleta vidonge vinne na kikombe cha maji. "Hivi vinamezwa kila siku, bila kuruka," alisema. "Na lazima awepo mtu wa nyumbani wa kumwangalia akimeza, kisha atie saini hapa kwenye kadi. Nani ataangalia?"

Mama Ndege aliinua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Huyu?" Bibi alisema. "Muuguzi, huyu ana macho ya ndege tu. Mpe Kamanda."

"Mimi," alisema Mama Ndege. "Niandike mimi."

Bibi alimtazama. Kisha akashusha barakoa, akameza kimoja kimoja, na kila kimoja kilishuka shingoni kama kinapanda mlima. Alipomaliza akafungua kinywa kama alivyoelekezwa, akainua ulimi. Mama Ndege akainama. Meno matano ya mama yake alikuwa hajui yameng'oka lini. Akaangalia chini ya ulimi, akaangalia mashavuni, akaangalia tena.

"Inatosha, mama," muuguzi alisema. "Vimeshashuka."

Lakini alikuwa bado ameinama, kalamu mkononi, anaangalia.