Muujiza wa Gorogoro

Msinikatize, maana nikikatizwa sitaendelea. Mimi Khalayi nauza maharagwe hapa Kaloleni, napima kwa gorogoro, lile kopo la bati la kilo mbili, na kitako cha kopo langu nilikigonga kwa nyundo kikaingia ndani. Ukilitazama kwa juu limejaa pomoni, kumbe tumbo halina kitu. Wauzaji wengine nao walifanya hivyo, nami nikajiambia biashara ni biashara.

Ule mwaka wa themanini na nne, njaa ilipokaza, kanisa letu lilipata magunia manne ya mahindi ya njano. Mchungaji Patrobas akasema wagawiwe watu wote wa mtaa, Mkristo na Mwislamu, kila nyumba gorogoro tatu, kwa sababu Mungu hana upendeleo. Apime nani? Watu wakasema, Khalayi, ana mkono mwepesi wa kupima! Nikasema moyoni nitaazima kopo zima kwa jirani. Jumamosi asubuhi nikachelewa, nikabeba lile langu, na kufikia nyumba ya tano nikaona aibu kusema. Nikapima hivyo hivyo mpaka mwisho.

Mahindi yalikuwa yamehesabiwa yaishe. Hayakuisha. Nusu gunia lilibaki, na Patrobas akalipiga kofi akapaza sauti, "Muujiza! Ni kama ile mikate mitano!" Wanawake wakapiga vigelegele. Akaniambia, "Dada Khalayi, Mungu amebariki mkono wako. Kesho utashuhudia, na hiki kilichobaki ni chako."

Loo! Kwangu unga ulikuwa umekwisha tangu juzi. Lile gunia nililitaka, sitaki kuwadanganya.

Jumapili kanisani sikutulia hata kidogo. Nilikaa benchi la mbele, nikahamia la nyuma, nikatoka nje kama mwenye haja, nikarudi. Mbele yangu alikaa Nabiswa, mjane wa watoto wanne, na yule mdogo alikuwa akitafuna pindo la leso ya mama yake. Hasira zikanipanda. Nilijikasirikia mimi mwenyewe, na nikamkasirikia hata mchungaji na muujiza wake.

Nilipoitwa, nilienda na kopo, nikaligeuza kitako kikawatazama watu. "Hakuna muujiza hapa," nikasema. "Niliwapunja."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Njia ya mwongo fupi!" na kelele zikaanza. Mchungaji akafuta jasho, akatuambia tufumbe macho tumwombee dada yetu. Nabiswa hakufumba. Alisimama.

"Mchungaji, maombi ni yake na Mungu wake. Wanangu wanataka mahindi yao."

Akaleta kopo zima kutoka jiko la kanisa, akaburuta lile gunia lililobaki mbele ya mimbari mpaka mlangoni, akaanza kupima mwenyewe. Kila nyumba ilipewa kilichopungua, na wasiokuwepo, Waislamu na wengine, akawawekea mafungu yao pembeni. Mimi nilisimama ukutani nikitukanwa, na nilistahili. Kuna aliyeniita mwizi mbele ya wanangu.

Watu walipokwisha kupimiwa, Nabiswa akanigeukia. Nikajua sasa zamu yangu ya kutemewa mate imefika.

"Wewe pia ulijipimia kwa kopo hilo hilo," akasema. "Lete mfuko wako."