Nilivyokagua Nyumba ya Wazee Nikiwa Bibi

Asubuhi za Kasulu ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Siku ile ulikuwa umeingia katika Nyumba ya Wazee, ukapita barazani, ukakaa kwenye mabenchi pamoja na wenyeji, na kwa muda sikuweza kujua nywele za mtu zinaishia wapi na ukungu unaanzia wapi. Wazee walikuwa kimya, mablanketi mabegani, wakitazama bonde ambalo halikuonekana. Nilihisi nimeingia katika ndoto ya mtu mwingine, na kwamba nikikohoa nitamwamsha.

Baba Mdogo Tharsisi akakohoa.

"Kezia, fumbua macho," akasema. "Tumekuja kukagua, hatukuja kushangaa."

Naam, kukagua. Baba Mdogo alikuwa mtu wa reli, Tabora, na watu wa reli huamini kwamba kila kitu kina saa yake na kila kosa lina mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba mama yake, yaani bibi yangu Epifania, anakonda. Alinipitia Murungu kwa wazazi wangu, nikiwa likizo, akanichukua kwa sababu wanaume hawaingii ovyo bweni la akina bibi. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: tukikuta nyumba hii inawanyima wazee chakula, Bibi atapanda lori jioni ileile na kuhamia Tabora moja kwa moja.

Niliupokea uteuzi huo kwa unyenyekevu mkubwa. Shuleni kwetu ukaguzi niliujua kwa upande wa kukaguliwa tu: kitanda changu, sanduku langu na, tangu chura alipokutwa katika karai la matroni, hata mifuko yangu. Sasa zamu yangu ilikuwa imefika. Nikavaa uso wa serikali.

Bibi tulimkuta kwenye kitanda cha dirishani. Bangili yake ya shaba, ambayo zamani ilimbana kwenye kifundo cha mkono, iliteleza hadi kiwikoni alipoinua mkono kunibariki.

"Mwakeye, Bibi," nikamwamkia kwa Kiha.

"Uu, mjukuu wangu! Umenenepa. Siku hizi shule zinafuga?"

"Wewe ndiye uliyekonda, Mama," Baba Mdogo akasema, akiwa amesimama mlangoni. "Hawakupi chakula?"

"Wananipa."

"Kibovu?"

"Kizuri."

"Sasa huli kwa nini?"

Bibi akageukia dirisha. "Njaa haiji, mwanangu. Labda imepotea njia kwa ukungu huu."

"Tabora hakuna ukungu. Itakuona."

"Tabora," Bibi akasema polepole, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Nilifika huko siku moja. Tambarare tupu. Macho yanatembea, yanatembea, hayana mahali pa kuegemea. Na Kiha nitaongea na nani, na garimoshi?"

Baba Mdogo alikwenda kumtafuta dereva wa lori. Hapo Bibi akanishika mkono.

"Kezia, usikubali wanitoe hapa. Hapa nikiamka naona milima yangu, na nikiugua hospitali ya Kabanga si mbali."

"Basi kula, Bibi. Ukila tu, mambo yameisha."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Na kusema pia siwezi."

Nikaanza ukaguzi rasmi. Msimamizi wa nyumba alikuwa Nesi Mwajabu, binti wa wenye duka pale mjini Kasulu ambao asili yao ni Pangani, mwanamke mwenye kicheko kilichofika mahali kabla yake. Nilivijaribu vitanda kwa kuvirukia. Nikanusa mablanketi. Nikavigonga vyungu kwa kijiti huku nikiinamisha kichwa, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Ndugu Mkaguzi," Nesi akasema, "na kule ni chooni. Utagonga na huko?"

"Choo kitakaguliwa kwa mbali," nikamjibu.

Jikoni palikuwa na maharage ya mawese, mekundu, yanayotokota taratibu, na ugali wa muhogo laini kiasi kwamba hata asiye na meno angeweza kujivunia. Nilionja. Nikaonja tena, kwa ajili ya uhakika.

"Wote wanakula mezani, ukumbini," Nesi akaeleza. "Zamani tulipeleka vyumbani, panya wakanenepa kuliko wazee."

"Na bibi yangu?"

Kicheko kikamtoka usoni. "Huyo, mwanangu, ananinyima usingizi. Anakuja, anakaa, anajifunika kitenge, hatii kitu mdomoni. Nimempa dawa ya minyoo. Nimempa dawa ya tumbo. Nikasema labda ni upweke, nikamkalisha uso kwa uso na mzee mmoja mkimbizi, Harerimana, aliyetoka Burundi. Lugha zao ni kama moja, nikajua watachangamka. Ndiyo kwanza wakawa mabubu wote wawili."

Sikuona kosa. Lakini mkaguzi anayeonyeshwa vyungu na mpishi mwenyewe amekagua nini? Ukweli wa nyumba ya wazee unaujua mzee tu. Kwa hiyo niliamua kuzeeka.

Bibi alipoona ninajifunga kitenge chake na kuchukua fimbo yake, alicheka mpaka akashika mbavu. "Utalaaniwa, mtoto wewe!"

"Wewe lala. Mchana huu mimi ndiye Epifania."

Nikaingia ukumbini nimeinama, kitenge kimenifunika hadi puani, nikiburuta mguu kwa heshima zote. Hakuna aliyegeuka. Ukungu ulikuwa bado unaelea chini ya dari, sauti za vijiko zilitoka mbali kama kengele za mbuzi ng'ambo ya bonde, na mvuke wa maharage ulinipanda usoni. Nilipokwisha kukaa mahali pa Bibi nilianza kusinzia kweli. Nilijiona nina watoto tisa na shamba la mtama, na kwamba wote wameondoka mmoja mmoja kwa njia moja, nami nimebaki nikiwangoja bila haraka.

Ndipo nikasikia kiti kikisogea.

Mzee aliyekuwa mbele yangu, mrefu, ndani ya koti kuukuu la jeshi, alikuwa amevuta kola ikamfunika uso. Ugali wake hakuugusa. Aligeukia ukuta, akakaa hivyo, mgongo umenielekea, kama mtoto aliyeadhibiwa. Nesi akapita, akamgeuza kwa upole: "Kula, babu, chakula kinapoa." Alipoondoka tu, mzee akageuka tena, akainuka, na akatoka kwa mlango wa nyuma ameinama, akipita mbali nami kadiri ukumbi ulivyoruhusu.

Usingizi ukanitoka. Mwendo ule niliujua. Kule Murungu baba yangu, mwanamume aliyewahi kumfukuza nguruwe mwitu kwa jembe, hujitupa katikati ya migomba kila bibi mzaa mama anapoonekana njiani. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Kutafuna mbele yake ndiyo kabisa, ni kama kuvua nguo.

Nikamfuata. Alikuwa amesimama kwenye ukungu wa bustani, akitazama mibuni. Nikafunua uso.

"Shikamoo, babu."

Akaruka. "Marahaba... Kumbe si yeye! Nimempa mgongo mtoto mdogo!"

"Ni nani kwako, babu?"

Akasema, "Marehemu mke wangu alimwita mama. Ni dada mdogo wa mama yake. Mke wangu nilimwoa huku, nikavuka naye kwenda kwetu. Niliporudi nikikimbia vita ya kwetu, nilirudi peke yangu, na koti hili. Kisha siku moja nainua macho mezani, namwona yeye."

"Na humwambii Nesi?"

"Nimwambie nini? Jina lake kinywani mwangu haliingii. Nikiikataa meza nitaulizwa ni nani aliyeniudhi. Siku moja mimi najifanya mgonjwa ili yeye ale. Siku nyingine naambiwa na yeye anajifanya mgonjwa. Tukikosea tukaja wote, basi tunashinda njaa wote."

Nikakimbia bila fimbo, kitenge kikipepea, wazee wakishangaa Epifania alivyopona.

Nesi Mwajabu aliposikia alijishika kichwa. "Jamani! Na mimi niliwakalisha uso kwa uso kwa mapenzi! Kwetu mkwe akija unamchinjia kuku, unakaa naye, mnacheka!"

Baba Mdogo, aliyekuwa ameshatia mzigo wa Bibi kwenye lori, alivua kofia yake ya reli. Habari ya njaa ilikuwa imemkasirisha. Hii ilimtia woga.

"Mkwe wa Mama? Mbele yake? Kila mlo?" Akashusha sauti. "Basi hiyo peke yake inatosha. Anaondoka leo."

Nilikwenda kwa Bibi. "Nimemjua," nikasema. "Mbona hukumwambia hata mwanao?"

"Wangemhamisha yule," akasema. "Mimi nina Tabora, hata kama siipendi. Yeye ana nini? Mwanetu alimpenda. Nitamfukuzaje mezani?"

Chakula cha jioni huliwa mapema pale, kabla ya giza. Nesi hakungoja amri ya mtu. Alipanda juu ya meza kwa miguu yake mwenyewe, akafunga kamba ya katani kwenye boriti, akaning'iniza jamvi kubwa la baraza katikati, kutoka juu hadi mezani. Upande mmoja akaweka sahani ya Bibi, upande wa pili ya mzee. Mimi nikawekwa mwishoni, mahali panapoona pande zote mbili.

Bibi akaja, ameshavaa nguo za safari. Aliligusa jamvi kwa kidole. Akakaa. Baba Mdogo alisimama mlangoni, nyuma yake lori likinguruma.

Nyuma ya jamvi kijiko kiligonga sahani, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Bibi akasikiliza. Kisha akamega tonge, akachovya, akala. Akamega jingine.

"Mtoto," sauti ya mzee ikasema, "mwulize mama kama chumvi imemtosha."

"Bibi, unaulizwa kama chumvi imekutosha."

"Mwambie imetosha. Mwulize yeye kama amepata maharage au amewekewa mchuzi mtupu."

"Mwambie maharage yapo."

Dereva akapiga honi. Baba Mdogo akasema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Mama, gari."

Nyuma ya jamvi mzee akasema, "Mwambie mama aende salama. Ila mwambie, hapa mimi sina mtu mwingine aliyemjua marehemu."

Sikulazimika kuyarudia. Bibi aliweka tonge chini.

"Tharsisi, mwanangu," akasema, "teremsha mzigo wangu. Wasalimie watu wa huko."

Baba Mdogo alisimama kidogo, akitazama sahani ya mama yake iliyokuwa nusu tupu. Kisha akavaa kofia, akaenda nje, na tukasikia akibishana na dereva juu ya kamba zilizofungwa kwa nguvu mno.

"Mwambie," Bibi akaniambia, "siku ya harusi yao mvua ilinyesha mpaka pombe ya mtama ikaingia maji."

Nikamwambia.

"Mwambie mama nakumbuka. Bibi arusi alivua viatu, akacheka."

Nikamwambia. Yakaendelea hivyo, yakipita mdomoni mwangu kwenda na kurudi: mvua, viatu, kijito walichovuka, msichana niliyekuwa sijapata kumwona. Nje lori liliondoka. Nesi akaongeza maharage pande zote mbili.