Kingo za Mkate

Kisu hakikupumzika tangu asubuhi. Mkata mkate wa jikoni alipanga slesi, akazibana kwa kiganja, akaondoa kingo upande huu na ule, ukabaki mkate mweupe laini wa chai ya alasiri. Wageni wa hoteli ile hawali kingo. Kwa nini? Waulizeni wenyewe, maana meno wanayo.

Kingo zilipojaa beseni, supavaiza akaja na chupa yake ya sabuni ya vyombo. Akazimwagia mpaka zikatoa povu, ndipo akaruhusu zitupwe. Zamani mkata mkate alikuwa anazibeba nyumbani kwenye mfuko, mama yake anazichovya kwenye chai na kusema, "Leo tumekula hotelini." Siku sabuni ilipoanza, alirudi mikono mitupu. Angeanzia wapi kueleza? Mama akadhani mwanawe ameanza kuona haya kubeba mfuko.

Leo zamu yake iliisha mchana. Alivua aproni, akavaa gauni alilovaa kwenye harusi ya mdogo wake, akatokea mlango wa nyuma. Alimkuta mama anamsubiri hapo hapo, penye mapipa ya taka.

"Mama! Si nilikwambia mlango wa mbele?"

"Miguu imenileta yenyewe, mwanangu."

Mama alikuwa amefua vitambaa vya meza vya hoteli hiyo mpaka kiuno kikamkatalia, na hata mara moja hakuwahi kuviona vimetandikwa.

"Wakikuona je?" akauliza.

"Wataniona tu."

Sheria ilibandikwa ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo: mfanyakazi haruhusiwi kukaa ukumbini, hata akiwa mapumzikoni, hata akilipa. Kila siku aliisoma huku anafunga vifungo. Kazi ile ndiyo iliyowalisha wote nyumbani, na alijua anachokichezea. Lakini mama alikuwa anazeeka mbele ya macho yake, na yeye alishaapa kwamba mama huyu atakaa pale, atakunywa chai, atainuka akipenda mwenyewe.

Mlinzi wa mbele aliwafungulia mlango, akawatazama, kisha akaona ni vizuri zaidi kutazama mawingu.

Ndani, mama aliketi taratibu, akapapasa kitambaa cha meza kwa vidole viwili.

"Wamekipiga pasi kikiwa kikavu. Aibu gani hii!"

"Mama, umekuja kunywa chai."

"Si ninasema tu."

Mhudumu, mwenzake wa kazini, alileta birika na sahani za ghorofa tatu zenye vipande vya mkate. Alimimina kwa heshima zote. "Karibu, mama," akasema, na mama akacheka kwa furaha hadi wageni wa meza ya pili wakageuka.

Mama hakumaliza hata nusu kikombe. Supavaiza alikuja mbio mbio za kujizuia, akainama sikioni kwa mkata mkate.

"Inuka utoke. Ukibaki hapo, Jumatatu usije."

Akaona sufuria ya nyumbani, akaona sare za shule za wanawe. Akashika kiti.

"Mama bado anakunywa chai."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, bosi. Mama bado anakunywa."

Mama alionekana hana habari. Alikuwa ameshika kipande cha mkate, anakigeuzageuza.

"Mwanangu, mbona hauna kingo? Zile za kuchovya wanazipeleka wapi siku hizi?"

Mkata mkate aliinua sauti, si sana, ya kutosha ukumbi.

"Muulize huyu hapa, mama. Yeye ndiye anayezimwagia sabuni tusizibebe."

"Sabuni?" Mama alimtazama supavaiza. "Kwenye mkate, baba?"

"Ni utaratibu wa hoteli, mama."

"Utaratibu wa kumzuia nani kula?"

Supavaiza alinyoosha tai yake. Kwenye meza ya pili mgeni mmoja alirudisha kipande chake sahanini. Mama aliendelea kumtazama yule mtu mzima aliyefunga tai, mpaka mwenyewe akaondoka.

"Kwa hiyo hukuwa unaona haya," mama akasema polepole.

"Sijawahi, mama."

Kisha mama akasukuma kikombe chake mbele.

"Nimiminie kingine. Na wewe kunywa bila haraka, mwanangu. Jumatatu huna pa kuwahi."