Hodi Tatu za Mtaa wa Mtoni

Usiku wa kuamkia leo niliota nachuja chai, kama nifanyavyo kila asubuhi. Chujio likakohoa.

"Acha kwanza," likasema. "Dada yako Salha yuko Mtaa wa Mtoni. Nenda."

Salha hajasema nami tangu arobaini ya mama. Siku ile shangazi zetu walimwambia mbele za watu kwamba alimtelekeza mgonjwa. Mimi nilijua ukweli. Nikatazama mkeka.

Nageuka kuweka birika chini, jiko limeshakuwa ukingo wa mto. Ni mtaa wa watu wanaojipenda: roshani za chuma, maua madirishani, mikahawa yenye viti vyembamba visivyopenda kukaliwa. Ndege korongo aliyevaa suti ananizuia.

"Umevaa majira gani?"

"Nimevaa gauni tu."

"Masikini. Haya, nyumba ya nne. Hodi ni tatu, na kila moja inakula majira yake. Usipoitikiwa ya tatu, unaondoka moja kwa moja."

Mlango ni mweusi, unang'aa.

"Hodi," nasema.

Masika yanashuka. Mto unapanda ngazi, unanifika magotini, unaniomba radhi, unateremka.

"Hiyo ni hodi, au umemeza nzi?" mlango unauliza.

"Hodi."

Kipupwe. Miti yote ya ukingoni inapukutika kwa pamoja. Mhudumu wa mkahawa anaokota majani na kuyakunja kama vitambaa vya meza. Nywele zangu zimeingia mvi. Ndani namsikia Salha akivuta kiti.

"Amekaa nyuma yangu hapa," mlango unasema. "Hodi amezisikia. Anauliza umekuja kusema nini."

Nafungua mdomo. Vuli inapita na manyunyu yake, kiangazi kinaingia, mto unapungua mpaka unabaki uzi. Korongo anatazama saa: imebaki hodi moja. Sauti haitoki.

Nikaamka. Shuka lilikuwa kavu, lakini kucha za miguu yangu zilijaa matope laini ya mtoni. Mji wetu hauna mto.

Kulikuwa kumepambazuka. Nikapiga simu.

"Nani kafa?" Salha akauliza.

"Hakuna. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sema basi, nachelewa kazini."

Akasubiri. Nilisikia maji yakichuruzika bombani kwake.

"Wewe ndiye uliyemuogesha mama miezi minane," nikasema. "Nilikuwa nakuona kila siku. Walipokusema, nikanyamaza, kwa sababu niliwaogopa wao kuliko nilivyokupenda wewe."