Betri ya Pili

Mke wangu alikuwa na jina alilopewa na mwanaume mwingine, na alikuwa akiliitikia.

Paker. Saning'o akisimamisha Land Cruiser yake mbele ya karakana yangu hapa Same, kabla hajanisalimia mimi fundi, alikuwa akiita kwa sauti ya mtu anayerudisha ng'ombe bomani: "Paker!" Na Agatha, ambaye mimi nikimwita hunijibu "Nini tena?", alikuwa akitoka uani huku akifuta mikono kwenye kanga.

"Abee, Paker."

Sitasema sikujua maana. Nimekulia Ndungu, nimechunga na watoto wa Kimasai. Mtu akikupa kondoo nawe ukampokea, mnaitana Paker, wewe na yeye, mpaka mmoja wenu azikwe. Hakuna siri hapo. Ningewafumania gizani ningejua la kufanya. Hiki kilikuwa kitu cha mchana kweupe, watu wote wanakiona ni kizuri, na mimi sikuwamo.

Kondoo mwenyewe alikuja hivi. Mwaka mmoja kabla, Naisula, mke wa Saning'o, alishikwa na uchungu pale sokoni. Agatha aliacha nyanya zake mezani, akamkimbiza hospitali kwa bajaji, akakaa naye mpaka mtoto akalia. Mimi nilikuwa Gonja natengeneza jenereta. Niliporudi nikakuta kondoo jike amefungwa kwenye mpapai na mke wangu ana jina jipya.

Baadaye wakaanza samaki. Saning'o alikuwa na ng'ombe karibu na Ziwa Jipe na friji ndogo nyuma ya gari. Agatha akawa anakwenda naye kununua perege kwa wavuvi, kisha anawauza Same. Aliacha nyanya. Akawa na meza nzuri, wateja wanapanga foleni, na anarudi nyumbani ananuka ziwa na kucheka peke yake kwa mambo yaliyosemwa njiani. Ukimuuliza, anasema, "Ungekuwepo ungecheka."

Siku moja wakarudi wakiwa wamevutwa na trekta. Saning'o akaja kwangu.

"Supai, fundi."

"Ipa," nikaitikia salamu yake ya Kimasai.

"Friji inakula betri. Nikizima gari kule ziwani, nikirudi limekufa. Samaki wote wameoza. Mama amelia."

"Mama yupi?"

Akaniangalia. "Si huyu wako?"

Ningeweza kumwambia aende kwa fundi mwingine. Lakini kwamba mkono mwingine ushike gari anamokaa mke wangu, hilo nalo sikuliweza. Nikamwambia alete betri ya pili.

Nilifanya kazi ile kama sijawahi kufanya nyingine. Melkizedeki, jirani yangu anayechomelea mageti, alinitengenezea kikalio cha chuma upande wa pili wa injini. Nikaifunga betri hata upepo wa Same usiitikise. Nikapitisha waya mnene mbali na joto la injini, nikaweka fyuzi karibu na kila betri, nikaunga relei katikati. Injini ikiwaka, zinachajiwa zote mbili. Injini ikizimwa, zinaachana: ya kwanza inabaki kwa ajili ya kuwasha gari tu, ya pili inalisha friji hata ikifa yenyewe.

Melkizedeki alikuwa akinitazama huku amevua miwani yake ya kuchomelea.

"Betri ya pili hiyo, Baba Jenifer. Angalia na mume wa pili asifungwe humohumo."

Mafundi wote wakacheka. Mimi nikakaza nati.

Mchana Agatha alileta makande. Sahani mbili. Nilizitazama zote mbili, na niliona ya Saning'o ilikuwa na maharage mengi. Huenda haikuwa nayo. Mimi niliyaona.

Tulipojaribu gari, friji ilinguruma, tukaiacha mpaka jua likapungua, kisha Saning'o akawasha. Likaitika mara moja. Agatha akapiga makofi. Saning'o akanilipa tulivyopatana, bila kupunguza hata shilingi. Halafu akafungua mlango wa nyuma akashusha kondoo dume, mnene, kichwa cheusi.

"Hii siyo malipo," alisema. "Malipo umeshapata. Hii ni ili na wewe nikuite Paker."

Agatha alikuwa akitabasamu, ananitazama mimi, siyo Saning'o. Nikaona kwamba ninakaribishwa ndani ya kitu chao, kama mgeni anayepewa kiti karibu na mlango.

"Nyama nanunua buchani," nikasema.

Saning'o alisimama na kamba ya kondoo mkononi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Fundi, kondoo wa kwanza sikumpa mwanamke. Niliipa nyumba yako. Kama mwenye nyumba anamkataa huyu, basi na yule amemkataa."

"Wewe ndiye unasema."

Alimpandisha kondoo garini taratibu, akamgeukia mke wangu. "Haya, Mama Jenifer. Kwaheri."

Agatha alibaki amesimama mpaka vumbi likatulia.

"Umeridhika?" akaniuliza.

"Gari si limewaka?"

Akaokota sahani mbili za makande akaingia uani.

Gari lile linawaka mpaka leo, sitaki mtu aniambie vingine. Na likipita barabarani bado natazama ni nani amekaa mbele.

Mengine ni haya. Safari za Jipe zimekwisha kwa Agatha; Saning'o hapiti tena kumchukua. Meza ya samaki sasa ni ya Priska, mwenzake wa sokoni. Wafugaji waliokuwa wakiniletea magari yao wanayapeleka Mwanga. Agatha amerudi kwa mama yake Mbaga, analima tangawizi. Jumapili anashuka kwa ibada, tunakaa benchi moja. Ananipikia chakula cha siku mbili, kisha anapanda mlimani kwa gari la saa tisa. Siku tano zinazobaki najipikia.